Asante, kaka uliyekuja kutoa kopi mbili

Kaka, uliingia studio kwangu Jumamosi kutoa kopi mbili, ukaondoka magharibi. Jina sikuuliza, na hilo linaniuma.

Mafundi wawili walishaniambia kompyuta imekufa, ninunue nyingine. Ningenunua, lakini printa yangu ya picha za pasipoti haina draiva (programu ya kuiunganisha na kompyuta) ya mfumo wowote zaidi ya Windows XP. Kila nikiiweka XP upya, skrini ya buluu yenye kosa 0x0000007B. Wewe hata bisibisi hukushika. Uliingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), ukabadilisha namna diski inavyowasiliana na kompyuta, kutoka AHCI, njia mpya, kwenda IDE, njia ya zamani, ukanieleza kuwa XP ya 2001 haikuja na draiva ya AHCI. Ikawaka!

Halafu ile diski ya GB 500 kuonekana GB 128 hivi. Kumbe sikuibiwa (muuzaji nilishamtukana moyoni), CD yangu ya XP ndiyo ilikuwa ya kabla ya Service Pack 1 (sasisho kubwa la kwanza la XP), haioni zaidi ya hapo. Ukatoa yako kwenye begi, ukaigawa diski: C ya mfumo, D ya kazi. "C ikichafuka, picha za wateja zitabaki."

Soda uliikataa. Pita tena, kopi zako ni bure.