Viazi vyangu vyeupe mmevisifu bure

Mhariri,

Huu ni mwaka wangu wa 14 nikiuza viazi vitamu katika soko la Busia, upande wa Uganda. Juzi mteja alikuja na gazeti lenu, akalitandaza juu ya mafungu yangu. Ukurasa wa afya ulisema viazi vitamu vina vitamini A nyingi kuliko maharagwe, na maharagwe yanavizidi viazi kwa protini mara 15. Jirani yangu wa meza, anayeuza maharagwe ya Nambale, alicheka hadi wapita njia wakageuka.

Nianze na kicheko chake. Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini gramu 24 hivi, ni kweli, lakini nani anatafuna maharagwe makavu? Yakiiva yameshakunywa maji, kilo moja imekuwa zaidi ya mbili, na gramu 100 za kwenye sahani zina protini kama gramu 9. Kiazi kilichochemshwa kina kama gramu moja na nusu. Kwa hiyo ananishinda mara sita, si mara 15. Kwa madini ya chuma na folati, ile vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, pia ananishinda, na hapo sibishi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni ile vitamini A. Viazi vyangu vinakuja kwa lori kutoka Kumi, na vingi ukivikata ni vyeupe ndani. Kiazi cheupe hakina vitamini A ya kutajwa. Sifa mliyonipa ni ya viazi vya rangi ya chungwa, ambavyo gramu 100 tu zikichemshwa zinapita mahitaji ya siku nzima ya mtoto mdogo. Mganda mwenzetu, Daktari Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na yeye alipewa kwa kazi yake juu ya viazi hivyo hivyo. Mama anayesoma ukurasa wenu kisha akanunua fungu jeupe anarudi nyumbani akidhani amemkinga mtoto macho.

Mtaniuliza, mbona basi siuzi vya chungwa? Naviuza, gunia moja kwa kila magunia manne ya vyeupe. Watu wazima wanalalamika kwamba ni laini, vina maji. Wao wanataka kiazi kikavu kinachokaba koo, cha kushushia kwa chai. Watoto hawana neno. Nimezoea kukata kimoja katikati na kukiweka juu ya fungu watu wakione. Kuna bwana mmoja aliniuliza karoti hizo ni bei gani.

Na hiyo chai nayo ingefaa kutajwa. Majani ya chai yakinywewa pamoja na chakula yanazuia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye maharagwe, wakati vitamini C ya kwenye kiazi inausaidia kukichukua. Ukurasa mzima viazi na maharagwe mmeviweka kama timu mbili uwanjani, kumbe kwangu vinakaa sahani moja, na mafuta kidogo juu ili ile vitamini A iingie mwilini.

Jambo jingine mliloliruka ni la moto. Makaa ni ghali, watu wanayaharakisha maharagwe. Haya mekundu yanataka kulowekwa usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Yakibaki mabichi yana sumu. Mwaka jana mjukuu wangu alitapika hadi alfajiri kwa sababu sufuria iliepuliwa mapema. Jirani yangu huwaonya wateja wake wote, hata wale wanaomwambia wanajua kupika.

Naomba mrudie hesabu zenu, mkitaja kiazi mseme ni cha rangi gani, na maharagwe myapime yakiwa yameiva. Yule mteja mwenye gazeti alinunua fungu la vyeupe.

Mama Muuza Viazi,
Busia, Uganda