Pumu ya ngozi: kwa nini tunakuuliza unaogaje kabla ya kukuuzia mafuta

Katika duka letu la sabuni na mafuta ya mwili hapa Ngamiani, Tanga, haipiti wiki bila mzazi kuingia na mtoto aliyejikuna hadi ngozi ya ndani ya viwiko na nyuma ya magoti ikawa nyeusi na ngumu, kisha akauliza kama ipo dawa ya kuimaliza kabisa. Jibu letu huwavunja moyo baadhi yao, kwa sababu dawa hiyo hatuna, na anayedai kuwa nayo tunamtilia shaka. Pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, hutulia na kuamka. Kwa watoto wengi hupungua kadiri wanavyokua, lakini muda itakaokaa imetulia hutegemea sana mambo madogo yanayofanyika bafuni kila siku.

Ngozi ni kama ukuta wa nyumba ya mawe ya pwani: mawe ni seli, na chokaa inayoyashikanisha ni mafuta ya asili ya mwili. Kwa mwenye pumu ya ngozi chokaa hiyo ni haba, mara nyingi kwa kurithi, ndiyo maana katika ukoo mmoja utakuta huyu ana pumu ya kifua, yule ana mafua ya aleji na mwingine anajikuna. Unyevu huvuja kwenda nje, na sabuni, vumbi na jasho hupenya kuingia ndani. Kwa hiyo ugonjwa huu hauambukizi, na hakuna sababu ya kumtenga mtoto na wenzake kitandani. Hata hivyo, ikiwa nyumba nzima inawashwa, hasa usiku na katikati ya vidole, huenda huo ni upele, ambao huambukiza na una tiba yake nyingine.

Adui wa kwanza tunayemkuta ni sabuni ya mche, ileile inayofulia nguo. Ngozi ina uchachu kidogo, takriban 5 kwa kipimo cha pH (namba ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi), ilhali sabuni za mche huwa 9 au 10, na kila inapopita huondoka na sehemu ya ile chokaa. Tunakiri kwamba hata sabuni zetu wenyewe za nazi na za mwarobaini, ambazo tunazipenda na ndizo zinazolipa kodi ya fremu, hatumuuzii mtu ambaye ngozi yake imeamka. Mtu huyo aoge kwa maji ya baridi au ya vuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, atumie kiosheo kisicho na harufu kwenye makwapa, sehemu za siri na miguu tu, na dodoki aliache kabisa. Akimaliza ajikaushe kwa kubonyezabonyeza kanga laini bila kusugua, kisha apake mafuta ndani ya dakika 3 hivi, ngozi ingali na majimaji. Wateja wengi hupaka baada ya kuvaa na kunywa chai, na wakati huo unyevu umekwisha kuondoka.

Kuhusu mafuta yenyewe, bei haina uhusiano na ubora. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yale ya kopo kubwa, yanatosha, mradi yapakwe kwa wingi. Mtoto anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kuchomwa pia yana sifa nzuri: utafiti uliofanyika Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2014, kwa watoto waliopakwa kwa wiki 8, ulionyesha kuwa yaliituliza ngozi kuliko mafuta ya madini, yaani yale yatokanayo na petroli. Zeituni, ambayo akina bibi wengi huikandia watoto wachanga, tunashauri iachwe kwa wenye pumu ya ngozi, kwani watafiti wa Sheffield nchini Uingereza waliona mwaka 2013 kwamba ilidhoofisha ukuta wa ngozi. Liwa, asumini na marashi, ingawa ni fahari yetu watu wa pwani, tafadhali yawekwe kwenye nguo, si kwenye ngozi inayowasha.

Majira nayo yana neno. Wakati wa kaskazi joto na jasho ndivyo vinavyochokoza, na mafuta mazito mchana huweza kuleta vipele vya joto. Pakeni losheni nyepesi isiyo na harufu mchana na mafuta ya mgando usiku, na vaeni pamba. Anayefua kwa sabuni ya unga, anayepaa samaki au anayeshinda kwenye vumbi la mkonge avae glavu, na akitoka kazini ajimwagie maji.

Tunasikitishwa zaidi na makopo yasiyo na lebo na krimu za mkorogo zinazouzwa kama dawa ya fangasi, pumu ya ngozi na weusi kwa pamoja. Nyingi huwa na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho: siku tatu za kwanza ngozi hung'aa na mteja hushukuru, kisha inakuwa nyembamba, inapata michirizi, na akiiacha ghafla mwasho hurudi kwa kishindo. Steroidi iliyoandikwa na daktari, ya nguvu inayofaa na kwa siku alizopanga, ni kitu tofauti, nayo haipaswi kuogopwa. Wako wazazi wanaoificha kabatini huku mtoto halali.

Chakula tusikizungumze sana. Wapo watoto wanaochochewa na mayai au maziwa, ila kumkataza mtoto samaki, mayai na karanga kwa kubahatisha humdhoofisha bure. Mpelekeni apimwe kwanza.

Ukija kwetu, njoo na sabuni na mafuta unayotumia sasa, hata kama makopo yamekwisha, tuyasome pamoja. Ukiona usaha, maganda ya rangi ya asali, malengelenge yenye maumivu au homa, usije dukani. Nenda Hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo.