Tumbaku tunailaumu, tanuru za tofali je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linanikera muda mrefu. Hapa Tabora ukitaja misitu kuisha kila mtu anaruka kwenye tumbaku na mkaa. Sawa, mabani (vibanda vya kukaushia tumbaku) yanakula kuni hilo halina ubishi, ila angalau mkulima wa tumbaku anaambiwa apande miti na kuna mtu anamfuatilia. Tofali za kuchoma mbona hazisemwi? Kila mtu anajenga, mji unapanuka kila upande, na kila nyumba mpya ina tanuru lake mahali fulani porini.

Wanaochoma wanajua ninachosema. Yale sio kuni za kuchemshia chai, ni magogo, miti mizima ya miombo inasukumwa kwenye midomo ya tanuru usiku na mchana maana udongo mpaka uive unataka joto la kama nyuzi 900 na kuendelea. Afu tanuru lenyewe limekandikwa tope tu kwa nje kwahiyo joto jingi linapotea hewani, ukija kubomoa unakuta za katikati zimeungua mpaka zimepinda na za pembeni hazijaiva, zikipigwa mvua zinamong'onyoka. Na hizo mbichi wanatuchanganyia humohumo kwenye tripu (mafundi mnajijua). Mashimo ya udongo nayo yanaachwa wazi, masika yanajaa maji, mbu wanazaliana na watoto wanaenda kuogelea.

Kuna watakaosema basi tuhamie tofali za saruji tupu. Mimi sikubali. Saruji nayo inapikwa kiwandani, mawe ya chokaa yanachomwa kwa joto la nyuzi kama 1,450 na jiwe lenyewe likiungua linatoa hewa ukaa, ndo maana viwanda vya saruji duniani vinahesabiwa kuchangia asilimia 7 mpaka 8 ya hewa hiyo inayotoka kwa shughuli za binadamu. Na huku kwetu mfuko unafika ushasafiri mbali, bei mnaijua.

Kilichopo ni tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hazichomwi kabisa. Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, wamezifundisha miaka mingi, na mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja ya saruji kwa kama kumi za udongo, inategemea udongo wenyewe, ukiwa wa kichanga unakubali vizuri ila ule mweusi wa mbuga ukikauka unapasuka. Zikishatoka unazifunika kivulini unamwagilia, usiwe na haraka ya kuzianika juani kama mihogo. Kujenga zinapachikana zenyewe, mota kidogo sana, na ukuta ukinyooka unaweza hata usipige plasta kwa nje. Wanaosema nyumba ya udongo itayeyuka waende Kwihara, hapa jirani na mji wa Tabora, waangalie tembe (nyumba ya kale ya udongo) alilokaa Livingstone mwaka 1872, limekarabatiwa ndio lakini kuta ni nene za udongo, jua la mwezi wa kumi linawaka nje we ndani umepoa, wakati sisi wenye bati bila dari tunalala mlangoni.

Sasa kwanini hazishiki? Mashine sio tatizo. Miaka ya nyuma Shirika la Nyumba la Taifa liligawa mashine hizi kwa vikundi vya vijana kwenye halmashauri, na mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri upo, vijana wana asilimia 4 yao. Tatizo mnunuzi. Kikundi kimoja ninachokifahamu walifyatua vizuri tu, tofali zikakaa, mteja hamna, wakaachana kila mtu akashika bodaboda, mashine iko chini ya mwembe kuku wanalalia.

Na mnunuzi mkubwa kuliko wote ni serikali yenyewe, madarasa, zahanati, nyumba za walimu. Lakini kijiji kikiitwa kwenye mkutano wa darasa jipya, nguvu za wananchi maana yake ni tofali za kuchoma, kila kitongoji na tanuru lake. Yaani leo anakuja afisa kutuambia tusikate miti, wiki ijayo anakuja mwingine kuuliza tofali zetu ziko wapi! Hapo mwananchi amsikilize nani jamani.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu zote za mkoa ni kwamba kwenye bajeti inayokuja darasa lolote linalojengwa kwa hela ya umma liandikwe kabisa tofali za kufungamana, zinunuliwe kwa vikundi vya kata hiyohiyo, na mchango wa wananchi uwe kuchimba na kuchekecha udongo badala ya kuchoma. Kwa wale ambao lazima wachome, Nzega na Igunga mashine za mpunga zinatupa pumba milima kwa milima, wenzetu mikoa mingine wanachomea tofali kwa pumba hizohizo. Bei ya tofali mkae na vijana mpange, gharama zao wanazijua.

Mkazi wa Isevya,
Tabora