Barua kwa duka la silaha: bastola inakwama, nyie mnaniambia nikaze mkono

Kwa Meneja,

YAH: BASTOLA MLIYONIUZIA YA ULINZI WA NYUMBANI

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa Morogoro, yule mama wa mchele, nadhani mnanikumbuka maana simu zangu siku hizi zinaita weee mpaka zinakata. Aina ya silaha na namba yake mnazo kwenye risiti na kwenye vitabu vyenu kwa hiyo sirudii hapa, leo nataka tu niandike kila kitu sehemu moja ili mtu asije akasema hakuambiwa, maana kwa simu kila ninayempata ananianza upya, tatizo nini mama, tatizo nini mama.

Tatizo ni kwamba huo mguu wa kuku mlioniuzia haumalizi magazini moja ya risasi bila kukwama.

Nilivyokuja dukani nilisema kitu kimoja na kijana wenu wa mauzo anakijua. Nataka bastola ya kukaa nyumbani, isiyo na mambo mengi, nikiivuta iitike. Sikusema nataka ya kuficha kwenye pochi. Msimu wa mavuno hela inalala ndani kwangu kwa sababu wakulima wengi hawataki kusikia habari za benki wala lipa namba, wanataka noti mkononi, na mtaani kwetu watu wameshavunjiwa na vijana wenye mapanga, kwa hiyo sikuja kununua urembo. Kijana akaniangalia, akaona mwanamke, akaenda moja kwa moja kwenye kile kidogo kuliko vyote kabatini, "hii nyepesi mama, inafaa mkono wako". Nikamuuliza mbona watu wanasifia sana Glock, akanijibu zile unalipia jina tu, hii nayo plastiki ile ile, bei nusu.

Sasa hapo ndo nina ugomvi na nyie. Plastiki ile ile maana yake nini? Frem ya plastiki peke yake haijawahi kuwa sifa, Wajerumani wa Heckler & Koch walishatoa bastola ya frem ya polima tangu 1970, ile VP70, na wala haikuwika kihivyo. Glock jina lilikuja kwa sababu jeshi la Austria liliipitisha 1982 baada ya kuijaribu, na mwenyewe Gaston Glock kabla ya hapo hakuwa mtu wa bastola kabisa, na toka muda huo imebebwa na polisi na majeshi ya nchi kibao, kwa hiyo kasoro zake zinajulikana, magazini zinapatikana, springi zinapatikana, na fundi akiifungua anajua anachoenda kukuta ndani. Hicho ndicho mtu analipia. Na sisemi lazima iwe Glock, kuna M&P ya Smith & Wesson, kuna CZ P-10, kuna Walther PDP, hata hao Waturuki na Canik yao wapo wanaoisifia, ila hiyo mliyonipa mimi nimeulizia magazini yake ya ziada kila mahali mpaka kwenu nyie wenyewe mnaoiuza, hamna. Spea hamna. Silaha ya ulinzi unaiuzaje ambayo springi yake ikichoka mteja hana pa kwenda?

Na lile la bastola ya plastiki kupita kwenye mashine ya airport bila kuonekana, ambalo kijana wenu aliniambia huku anacheka, mkanyeni jamani. Mtutu chuma, slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma ukipiga, nayo chuma, risasi zenyewe ni madini matupu. Siku atamwambia mtu asiye na akili akaenda kujaribu JNIA, mtatafutwa nyie.

Turudi kwenye udogo. Hiyo nyepesi inayofaa mkono wangu, nani aliwaambia nyepesi ni rahisi? Silaha ikiwa nyepesi mrusho wote unaishia mkononi kwako, na slaidi ikiwa fupi inawekewa springi ngumu, yaani kuikoki tu mpaka nikunje uso, vidole vinateleza, sasa hapo ni mchana nimetulia, je saa nane usiku na jasho la woga? Mpini wenyewe mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kukaa kinaning'inia hewani. Kwa mtu wa kutembea nayo amejificha sawa, nitaelewa, ila mimi itakaa kwenye kasha chumbani! Silaha ya nyumbani haina sababu ya kuwa ndogo, ukubwa wa Glock 17 au 19 ndo ungenifaa, na hizo nazo siyo kwamba ni nzito, Glock 17 bila magazini ina gramu 600 na ushee tu. Mtu anayeuza silaha alitakiwa aniambie hayo kabla sijafungua pochi.

Haya, kukwama kwenyewe. Ziko namna mbili na naomba fundi wenu asome hapa vizuri. Ya kwanza, risasi inatoka fresh ila ganda haliruki, linabanwa na slaidi limesimama wima kwenye lile tundu la kutemea maganda, mdomo juu, unaliona kabisa linatoa kamoshi. Hii inatokea kwa magazini zote mbili. Ya pili, risasi mpya inapanda imeinamisha pua, inagonga chini ya mdomo wa chemba inagoma hapo, na hii inatokea kwenye magazini moja tu. Nimeziandika A na B kwa makapeni, mbovu ni B, ukiiangalia kwa juu ile midomo inayoshika risasi haiko sawa, upande wa kulia umepanuka, ukiweka risasi ya juu inalala upande. Picha niliwatumia WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya. Kwa akili yangu ya kawaida, linalotokea kwa B peke yake ni la magazini, na linalotokea kwa zote ni la bastola yenyewe, labda kile kidude cha kuvuta ganda au kile cha kulirusha, mtajua wenyewe, ila msije mkanibadilishia magazini mkasema tumemaliza.

Jibu la kwanza mlilonipa: mama unalegeza mkono, kaza. Kweli mkono ukilegea slaidi hairudi nyuma inavyotakiwa na ganda linaweza kunasa, hilo silikatai, nilifundishwa siku ya kwanza. Ila mkono huo huo, siku hiyo hiyo, nilipiga Glock 19 ya mwalimu wa shabaha na haikukwama hata kidogo. Shemeji yangu ni mwanajeshi mstaafu, kaishika hiyo yenu, ikamkwamia, akanirudishia akasema hii usiiwekee roho yako. Naye analegeza mkono?

Jibu la pili: izoee kwanza, ipige risasi kama mia mbili hivi italainika. Risasi za nani? Boksi la 50 mnajua wenyewe mnaliuzaje, na ninazonunua ni za kuandikwa kwa kibali, siyo karanga. Ni kweli bastola mpya inatakiwa ipigwe risasi za kutosha bila kukwama ndo uiamini, hata mwalimu kasema hivyo, ila maana yake ni kuipima, siyo mteja kumalizia kazi ya kiwanda kwa hela yake. Na zile risasi ni za kawaida kabisa, milimita 9 za ncha ya mviringo, mlizoniuzia nyie. Kama bastola inachagua chakula hata kwa hizo, itakula nini?

Halafu kuna ile holsta, mfuko wa kuwekea bastola, ya "bure". Kitambaa laini, kinabonyea ukikigusa. Bastola yenyewe haina sefti ya pembeni, sefti iko kwenye triga kama Glock, kwa hiyo triga inatakiwa ifunikwe na kitu kigumu ambacho kidole wala kamba ya koti haiwezi kuibonyeza kutokea nje, hicho kitambaa ni cha kubebea miwani. Nina wajukuu ndani. Sijawahi kuitumia na nawarudishia.

Hata kampuni kubwa zinakosea, mimi naelewa. Sig Sauer wameshinda tenda ya jeshi la Marekani Januari 2017 na P320 yao, Agosti mwaka huo huo ikaonekana zile za kiraia zikidondoka kwa pembe fulani zinaweza kujifyatua, kampuni ikatangaza watu wazirudishe zirekebishwe bure. Wameandamwa mpaka leo lakini angalau hapo hawakumwambia mteja akaze mkono.

Ninachotaka ni hiki. Bastola ipokelewe ikaguliwe na fundi, siyo mtu wa mauzo, na anipe maandishi amekuta nini. Kisha mnibadilishie, nachagua mwenyewe, ya ukubwa wa kawaida na yenye magazini na spea mnazoweza kunionyesha kwa macho, tofauti ya bei nitaongeza bila maneno. Msinirudishie hiyo hiyo imepakwa mafuta. Na mjue hii siyo pasi ya umeme kwamba naiacha kaunta nachukua nyingine, leseni yangu ina namba ya silaha hiyo, kubadilisha ni kurudi polisi na makaratasi kuanza tena, nilishazunguka serikali ya mtaa mpaka wilayani kuipata, kwa hiyo gharama za kubadilisha leseni na barua ya kueleza kwa nini inabadilishwa ni juu yenu, kwa muhuri wa kampuni. Mkikataa nipeni kukataa kwenu kwa maandishi, hiyo karatasi nitaipeleka FCC, Tume ya Ushindani, na nakala polisi kwa wanaohusika na silaha.

Nasubiri jibu mpaka mwisho wa mwezi huu. Nikija nitakuja na leseni, silaha haina risasi, iko kwenye kasha na slaidi iko wazi, magazini A na B pembeni. Naomba anayenipokea awe fundi, na yule kijana wa "inafaa mkono wako" siku hiyo mumtume hata benki.

Wenu mteja,
Mama wa mchele, Morogoro