Baba, hili ndilo jibu la swali lako

Hamburg, Jumapili usiku

Kwa Baba na Mama, Mbagala Kizuiani.

Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Hofu yangu ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Baridi imeshaanza lakini nyumba ina joto, na kazini wazee ninaowatunza wote wazima. Hela ya dawa nimeituma Alhamisi kwa namba ya dada. Ile iliyozidi ni ya fundi wa paa.

Baba, siku ya Idi, simu ikiwa imewekwa sauti katikati ya mkeka, uliuliza: hela ikiwepo na mwili ukiwa na nguvu, kila mmoja wetu angesafiri kwenda wapi? Mdogo wangu akadakia Rio de Janeiro, aingie Maracanã, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1950. Dada akataja Istanbul. Mama akasema Makka, hata hakuvuta pumzi. Nawe ukanyamaza, halafu ukasema kwa ule ulimi ambao tangu kiharusi unayatafuta maneno moja moja: "Kumwona mjusi." Zamu yangu ilipofika laini ikakatika. Sikupiga tena kwa ajili ya hilo. Nilitaka nijibu kwa barua, ili dada akusomee kibarazani, na ukitaka arudie, arudie.

Kwanza nikwambie, nimemwona yule mjusi, dinosaria aliyechimbwa kwetu Tendaguru, Lindi.

Nilipata siku mbili za mapumziko nikapanda treni hadi Berlin. Makumbusho yenyewe inaitwa Museum für Naturkunde, iko mtaa wa Invalidenstraße, kama kilomita moja kutoka stesheni kuu. Sikupanda basi. Nilitembea mwendo wa mtu anayesukuma kiti cha magurudumu, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku, nami najua kinachomkwamisha aliyekaa. Niliangalia kila mahali pa kuvukia barabara, kama ukingo umeshushwa au la. Mlangoni nikauliza wanaingiaje watu wa viti. Baba, njia ile inapitika. Niliipita kana kwamba nakusukuma wewe.

Ukishaingia ukumbi mkubwa, yuko mbele yako. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na shingo imenyooka hivi, kichwa unakitafuta karibu na paa la vioo kama mtu anayetafuta dafu kwenye mnazi. Nilisimama kwenye mguu wa mbele. Mfupa mmoja tu, ule wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko, umepita mita mbili. Peke yake unanizidi urefu. Wataalamu siku hizi wanamwita Giraffatitan, na wanasema aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Walimsimamisha pale mwaka 1937, na mifupa yake haikutoka kwa mnyama mmoja. Wameunganisha ya huyu na ya yule hadi akatimia. Ila yote ni ya kwetu. Kibao kinaandika Tendaguru, na mimi kusoma jina hilo kwa herufi za ukutani, mbali namna ile na kijiji cha Mipingo, nilitetemeka.

Kuna watu walipita, wakapiga picha, wakaenda. Mimi nilikaa saa mbili. Nilikuwa nawaza ile habari uliyotusimulia umeme ukikatika, jinsi babu yako alivyokuwa kijana wakati Wajerumani wanachimba kule kilimani. Kwa hiyo nilitafuta habari zaidi, na nakupa nilichokipata, kwa sababu kinamthibitisha mzee. Uchimbaji ulikuwa kati ya 1909 na 1913. Vita vya Majimaji vilikwisha 1907, kwa hiyo waliochukua kazi ile walikuwa watu waliotoka kwenye vita na njaa. Wakubwa wa msafara walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani, na jina lake limeandikwa. Mamia ya watu walifanya kazi pale. Mifupa ikafungwa, ikabebwa kichwani na mabegani, mingine kwenye miti kati ya watu wawili, kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Jumla yake ni zaidi ya tani 200. Tani 200, Baba, kwa vichwa na mabega ya watu! Ukisimama chini ya mnyama yule unamsifia Mungu aliyemuumba, halafu unabaki kuwafikiria wabebaji. Naamini majina ya wote wangestahili kuandikwa ukutani pale, la babu yako likiwemo.

Sasa nije kwa Mama. Mama, ulipoitaja Makka nilisikia sauti yako ikishuka mwishoni, kama mtu anayeomba radhi kwa kutaka kikubwa. Usiombe radhi. Hija imewekwa kwa mwenye uwezo wa mali na mwili. Wewe mwili unao, unapanda daladala na ndoo ya dagaa kutoka Feri. Kilichokosekana ni mali. Baba mali tungeichanga, kilichokosekana ni mwili. Nimekuwa nikiweka akiba tangu mwaka juzi bila kuwaambia, na mwakani, Inshallah, Mfunguo Tatu ukiingia, nataka uwe kwenye viwanja vya Arafa. Naomba uanze pasipoti mapema. Ada ni shilingi 150,000, nitaituma kwa jina lako. Kama cheti cha kuzaliwa bado ni kile kilicholiwa na mchwa, dada akushughulikie kipya RITA, ofisi ya vizazi na vifo, kwanza. Na ukishajihijia mwenyewe, ndipo masheikh wanakuruhusu siku nyingine kumhijia Baba, ikiwa mwili wake bado hauwezi. Tutaliangalia hilo kwa zamu yake.

Baba, kuhusu wewe kuja huku, sitakudanganya. Daktari alisema ndege ya saa nyingi isubiri, nami nakaa na wagonjwa wa kiharusi kila siku, najua kwa nini alisema. Lakini hakusema kwamba hutakuja kamwe. Viza ya matembezi inataka bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na hati yangu ya kubeba gharama zako nitaisaini ofisi ya uhamiaji huku. Hayo ya makaratasi niachie mimi. Yako ni mazoezi ya mguu, asubuhi na jioni, hata siku ambayo mtoto wa mazoezi hakuja. Dada aniandikie umefika wapi: mlangoni, au hadi kwenye mwembe.

Na mimi? Hela ikiwepo na mwili wako ukiwa ule wa zamani, nataka treni ya TAZARA. Behewa la kulala, mimi kitanda cha juu, wewe cha chini karibu na dirisha, kilomita zote 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Umefanya kazi kwenye reli ile miaka yote tuliyokuwa wadogo, ukaondoka na begi lako la bluu, ukarudi na mchele wa Ifakara, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda nawe. Nataka usiku tukipita mbuga ya Nyerere uniamshe. Nataka unitajie vituo kabla treni haijavifikia: Kisaki, Ifakara, Mlimba, halafu yale mahandaki yanayofuatana kupanda Makambako, ambayo ulisema mtu anajifunza kuhesabu gizani. Mbeya, Tunduma, tuvuke, Kasama, Mpika. Huko mwisho tutafute gari hadi Livingstone, tukayaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, tulowe. Hilo ndilo jibu langu. Nimeona miji ya watu huku, mizuri kweli, na nikikaa peke yangu kwenye treni zao najikuta natafuta begi la bluu.

Kuna kitu kimoja kilinishinda kukumbuka nikiwa pale ukumbini, na hakuna wa kuniambia ila wewe. Ulisema babu yako alikuwa na kovu begani kwa ajili ya ule mti waliobebea mifupa, na ukiwa mtoto alikuruhusu ulishike. Dada akusogezee simu akurekodi, useme taratibu, hata ukichukua siku nzima. Lilikuwa bega la kulia au la kushoto?

Mwanenu,
Zuhura