Shukrani kwa bibi aliyezungumza na baba mkwe

Desemba, msimu wa ukeketaji ulipowadia hapa Tarime, baba mkwe alishikilia kwamba binti yetu akeketwe, ingawa sheria ya Tanzania inakataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Bibi mmoja, ngariba wa zamani, alikuja akaketi naye uani, na badala ya kumtishia kwa polisi akamsimulia waziwazi jinsi alivyoshindwa kuzuia damu ya msichana mmoja. Baadaye alirudi na wazee wa mila, wakakubaliana binti abarikiwe mbele ya ukoo bila wembe. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyemvika kitenge, na sasa anawashawishi majirani. Asante sana, bibi. Mangariba wengine mlioacha kazi hiyo, semeni nanyi, kwani wazee wanawasikiliza ninyi kuliko sisi.