Mwanangu, anza na toleo la 2007

Mwanangu mpenzi,

Umeuliza uangalie toleo lipi la *Alexander*, filamu ya Oliver Stone kuhusu Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia. Yapo manne: la 2004 la dakika 175, la 2005 la 167, la 2007 la 214 na la 2014 la 206. Chukua la 2007. Usiogope urefu, lina mapumziko katikati. La 2005 lilipunguzwa, na halikupona, maana ugonjwa wa filamu hii haukuwa urefu.

Vita vya Gaugamela, 331 KK, Alexander dhidi ya Waajemi, vinakuja mapema. Hapo tulia. Maandishi kwenye skrini yatakutajia upande: kushoto, katikati, kulia. Kushoto ni mzee Parmenion, jenerali wake, kazi yake kuvumilia kipigo tu. Kulia Alexander anakimbiza farasi kwenda pembeni kabisa, kana kwamba anatoroka. Waajemi wanamfuata, safu yao inanyooka mpaka inaachia pengo, naye anageuka ghafla na kupenya pengoni akimlenga Dario, mfalme wao. Ukikosa mgeuko huo, utaona vumbi tu. Tazama pia sarisa, mikuki ya mita 5 na zaidi: ukuta mbele, lakini ubavuni askari hana kinga.

Sasa kasoro. Kleito, afisa wake, kumwokoa Alexander kulitokea mto Graniko, 334 KK. Stone amelihamishia tukio hilo Gaugamela. Kuuawa kwa Kleito kulikuwa Samarkand, 328 KK; filamu inayaweka mauaji hayo India. Jeraha lililokaribia kumuua Alexander alilipata kwenye ngome ya Wamalli, watu wa India, baada ya vita vya mto Hydaspes, hukohuko India. Stone ameyaunganisha yote mawili, akapigania msituni vita vilivyopiganwa uwanda wa kando ya mto, tena ukitazama utadhani Alexander alishindwa. Alishinda, akamrudishia mpinzani wake, mfalme Poro, ufalme wake. Mzingiro wa Tiro, mji wa pwani ya Foinike, miezi 7 mizima, hutauona. Huo ndio ninaoudai mimi.

Angelina Jolie anacheza mama wa Alexander, ilhali amemzidi Colin Farrell, anayemcheza Alexander, mwaka mmoja tu. Cheka, uendelee, anavyomtia mwanawe sumu ya maneno ni kazi safi. Wamakedonia kuzungumza kwa lafudhi ya Kiairishi utazoea.

Wakiingia Babeli ongeza sauti, muziki ni wa Vangelis. Na msituni kwa tembo, Alexander akishapigwa mshale, picha itageuka nyekundu. Usianze kuhangaika na rimoti, runinga ni nzima. Stone ndivyo alivyotaka.

Mama yako